Shavu la Kushoto

Zamani pale njia panda palikuwa na benchi. Watu walikaa, wakanyoosha miguu, wakatongozana. Likang'olewa, kikasimikwa kioo cha matangazo kipana kuliko nyumba, na hakuna mkazi aliyeulizwa. Tangu hapo watu hupita shingo juu, wanagongana kama kuku waliotimuliwa.

Ndivyo fundi cherehani, na gauni lake la maua ya manjano, alivyogongana na mhariri wa picha.

"Dada, umenizibia! Nilikuwa narekodi tangazo langu."

"Nimekuzibia nini, kaka, hilo kabati la taa?"

"Hilo kabati ndilo linalonilisha."

"Mbona basi umekonda?"

Kijana alicheka mpaka simu ikamponyoka. Kuanzia hapo ikawa simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Hebu kata, nimeshashona mkono mmoja mara mbili kwa ajili yako."

Wakikutana, kijana alimkumbatia, akanyoosha simu mbele yao. "Tabasamu, mpenzi." Picha juu ya picha. Fundi alikuwa na kovu la pasi shavuni, la tangu utotoni, alipokuwa akitambaa chini ya meza ya kazi ya mama yake. Hakulificha. Kijana hakuwahi kulitaja, naye akadhani hayo ndiyo mapenzi.

Wiki ambayo Jumapili yake kijana angekwenda kujitambulisha kwa mama wa fundi, mama huyo akapiga simu.

"Majirani wamenikokota mpaka njia panda, eti mwanao yuko juu. Nimetazama. Yule si wangu."

"Juu wapi, mama?"

"Kwenye kioo. Gauni ni lako. Lakini wangu ana alama."

Fundi aliiacha cherehani ikiwa na nguo mdomoni, akakimbia. Akajiona: shavu laini kama yai lililomenywa, weupe wa kuazima, na chini yake tangazo la krimu ya uso. Akampigia kijana papo hapo.

"Umeiona zawadi yako, kipenzi? Nilitaka mji mzima ukuone!"

"Kovu langu liko wapi?"

"Kovu? Aa... mkono umezoea, mpenzi. Kila uso unaopita mezani kwangu nausafisha. Sikuwaza."

"Kwani mimi mchafu?"

"Si hivyo..."

"Mama yangu mzazi kanitazama akanikana, wewe unaniambia hukuwaza! Na nani alikupa ruhusa ya kuniuzia krimu? Jumapili usije. Nenda kamchumbie yule wa juu!"

Siku mbili hakupokea simu yake. Ijumaa vicheko vikapasuka njia panda. Uso uleule, krimu ileile, na kovu limerudi, nene, linang'aa. Nani angeinunua sasa? Kabla ya jioni kioo kikazimwa, na kijana akatokea mlangoni kwa fundi, shati halijapigwa pasi, vitu vyake vya ofisini vimo kwenye mfuko wa plastiki.

"Bosi alikataa kuiondoa picha. Nikalirudisha kovu mwenyewe. Picha ya asili, ile niliyokupiga kwa kamera ya ofisini, nilishaifuta, ikabidi niangalizie hizi zetu za kwenye simu."

"Na kazi?"

"Wamenifuta na mimi."

Fundi alitamani kumkumbatia na kumchapa rula, vyote kwa pamoja.

"Umelirudisha, nakushukuru. Lakini umeliweka shavu la kulia."

Kijana akatazama simu, akamtazama yeye, akarudi kwenye simu. Kamera ya mbele ilikuwa imegeuza uso ule, kushoto kuwa kulia, kama kioo cha kujitazamia, picha zote zile, na yeye muda wote akimtazama humo humo. Akainua simu ili ahakikishe.

"Weka chini hiyo simu!"

Mteja aliyekuwa anaingia alirudi nyuma. Fundi akashusha sauti.

"Nitazame mimi. Niko hapa."

Kijana akamtazama. Hakujua mikono aiweke wapi. Macho yakaanza kumlowa, naye hakuthubutu kuyapangusa asije akaambiwa ameangalia pembeni.

"Jumapili njoo kwa mama," fundi alisema, akiivuta ile nguo kutoka mdomoni mwa cherehani. "Simu iache nyumbani. Mimi nitakuwa chumba cha ndani. Atakuuliza swali moja tu."