Mbegu Zilizogoma Kusogea

Kila nikitoka shule nilipitia dukani kwa baba, Kariakoo, kumsaidia kupanga makopo. Tangu biashara iachiwe huru, rafu zetu zilijaa mafuta ya kupikia kutoka nje. Baba yangu, Mzee Saif, aliyasifia kana kwamba ameyakamua mwenyewe.

Siku hiyo nilihitaji mafuta kwa kazi nyingine. Mwalimu Severa alitufundisha kwamba seli imefunikwa na utando wa mafuta, na protini zilizo ndani ya utando huo husukumwasukumwa, zikatangatanga huku na huko. Mimi ndiye niliyeteuliwa kuonesha jambo hilo kwenye maonyesho ya shule. Sinia la mafuta lingekuwa utando, na mbegu za haradali zingekuwa protini. Nikilitikisa polepole, mbegu zitawanyike. Nikishindwa, meza yangu angepewa mwingine.

"Chukua haya, Mauza," baba alinipa kopo jipya. "Meupe, ya bei mbaya. Usiniaibishe kwa mafuta ya kupima."

Nyumbani niliyapaka kwenye sinia, nikaweka mbegu katikati, nikatikisa. Wapi! Nikatikisa mpaka mikono ikauma. Mbegu zilinata palepale. Lo, nililia kwa hasira! Maonyesho yalikuwa kesho yake mchana. Nikachukua daftari, nikaandika: "Mbegu zilitawanyika."

Asubuhi Shomari, jirani yangu wa dawati, alilisoma daftari, akalitazama sinia.

"Mbona zimerundikana? Njia ya mwongo fupi, dada!"

"Hayakuhusu!"

Mwalimu Severa akaingia. "Haya Mauza, nioneshe."

Nikaikata ile sentensi mbele yake. "Mwalimu, nimeandika uongo. Hazikusogea hata kidogo. Nimechoka, sijui nimekosea wapi!"

Akayagusa mafuta kwa kidole. "Magumu mno haya. Weka sinia juani."

Kufikia mapumziko mafuta yalikuwa yameyeyuka. Nikatikisa kidogo tu. Mbegu zikaachana, moja ikafika ukingoni. Shomari akapiga mluzi.

"Utando wa seli nao ndivyo ulivyo," alisema mwalimu. "Mafuta yakiganda, protini hukwama, yakilainika, hutembea. Kumbe jana uligundua nusu ya somo, ukataka kuificha! Andika ulichokiona, hata kama kimekuudhi. Ukiniambia uongo, nitakusaidiaje?"

Nikaandika matokeo yote mawili, nikabeba sinia kwenda mezani kwangu.