Uzi Ulio Hai

Jioni ya mvua huko Bologna, Ginevra alipita kwa bibi Ersilia, msokota nyuzi, kuchukua uzi mmoja tu. Kesho yake alikuwa na onyesho: yeye akipiga luti, ala ya mgongo wa mviringo iliyo ndugu wa udi, mumewe Taddeo akiimba. Walipiga nyimbo za miaka mia tano nyuma, kwa nyuzi zilezile za wahenga, za utumbo wa kondoo. Nailoni Ginevra hakutaka hata kuiona.

Wiki iliyopita alikuwa amemfokea bibi. "Unanipa nyuzi zilizokufa! Nataka uzi ulio hai." Wapiga luti husema hivyo uzi ukipoteza mlio.

Sasa bibi alimwekea uzi kiganjani. "Ulio hai huo, binti. Ridhika."

Ulikuwa na uvuguvugu. Na harufu yake... haikuwa ya kondoo.

Nyumbani, Taddeo alikuwa jikoni akikoroga mchuzi wa tambi, akiimba chinichini wimbo wa kesho. Ginevra akaufunga uzi mahali pa uzi wa juu, ule mwembamba kuliko zote, akashika kigingi cha kukazia. Kanuni ya wazee wa luti anaijua kila mwanafunzi: uzi wa juu uvute mpaka ukaribie kukatika, kisha nyingine zifuate.

Akakaza.

Sauti ya Taddeo ikapanda.

Akakaza tena. Ikapanda tena... nyembamba, kama ya mtoto.

"Wewe, acha mzaha! Utaimaliza sauti kabla ya kesho."

Mkono wa Ginevra, kwa mazoea ya miaka ishirini, ukaongeza kidogo.

Mwiko ukaanguka sakafuni.

Alipofika jikoni Taddeo alikuwa ameinamia meza, macho yamemtoka, mkono kooni. Chini ya vidole vyake palikuwa na mstari mwembamba mwekundu.

"Gi... ne..."

Ginevra alirudi mbio kwenye luti. Unyevu wa mvua ulikuwa umekivimbisha kigingi, hakikutaka kurudi nyuma. Vidole vikateleza. Akauma meno, akasukuma.

Krrr...

Kikalegea. Jikoni, pumzi ikarudi kwa kishindo.

"Siku ile uliponituma kwa bibi Ersilia kuagiza uzi," Taddeo alinong'ona baadaye, kichwa kwenye mapaja ya mkewe, "alinibanisha utumbo mbichi menoni. Akaniambia, imba ndani yake, mwanangu. Nikadhani ni vituko vya uzee."

"Na ukaimba?"

"Si ulisema tusimuudhi tena?"

Ginevra akataka kuuvua uzi palepale. Lakini ulipolegea kupita pale, midomo ya Taddeo ikawa ya buluu, kichwa kikamwelemea. Akaukaza tena haraka, akilia.

Asubuhi duka la Ersilia lilikuwa limefungwa. Jirani alisema tu kwamba bibi amesafiri, na hakusema lini atarudi.

Onyesho waliliahirisha. Luti hulala kitandani katikati yao, na hakuna anayethubutu kuigusa. Ila jambo moja Ginevra hakumwambia mumewe: uzi wa juu wa utumbo, hata usipopigwa, haumalizi mwezi kabla ya kukatika. Na leo, alipoinama kuutazama, aliona kijiuzi kimoja, chembamba kama unywele, kimesimama juu yake, pale utumbo unapoanza kuchanika.

Nyuma yake Taddeo akakohoa.

"Si kitu, mke wangu. Koo linawasha tu... kama kuna unywele umenikwama."