Bakuli la Babu Onésime

Jumamosi nyumbani kwa kina Arielle, huko Uswidi, ilikuwa na utaratibu wake. Baba yake, Urbain, aliondoka mapema kwenda Märsta, ambako alifanya kazi ya usafi kwenye uwanja wa ndege. Mama yake, Adrienne, alifua nguo za wiki nzima, kisha akapika chakula cha kuwatosha watu wa nyumba na mtu mmoja zaidi. Mtu huyo alikuwa Babu Onésime, mzee wa kanisa lao aliyeishi peke yake katika jengo la jirani. Hawakuwa ndugu wa damu, lakini Adrienne alimheshimu kama baba yake mzazi. Chungu kikiiva, bakuli la mzee ndilo lililotangulia kutoka, chakula kikiwa bado cha moto. Wengine walimngoja baba arudi.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, baada ya mvua nyingi, mama aliacha kufua. Alimchukua Arielle, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, pamoja na mdogo wake Glody, wakaingia kwenye msitu ulio nyuma ya majumba ya mtaa wao wa Farsta kutafuta uyoga. Arielle alinuna njia nzima. Alikuwa amepatana na rafiki yake Kelly wakutane mchana penye maduka, na alijua kwamba mama akishaingia msituni hukumbuka kila kitu isipokuwa saa.

Walizunguka kwenye misonobari, viatu vimelowa. Ghafla mama alipiga kelele ya furaha.

"Mungu wangu! Arielle, kuya uone!"

Mbele yao palikuwa na kilima kirefu cha sisimizi, na pembeni yake uyoga mweupe pepepe ulikuwa umechomoza majanini. Mama alipiga magoti.

"Huu ni ule wetu wa kule nyumbani Walungu! Mvua ikinyesha tulikuwa tunauokota kando ya vichuguu, hivi hivi. Miaka yote hii sijauonja!"

Kusema kweli, kichuguu cha Walungu hujengwa na mchwa kwa udongo, na kilima kile kilijengwa na sisimizi wekundu kwa vijiti na majani makavu. Lakini mtu aliyeshikwa na hamu ya kwao hana muda wa kuchunguza vichuguu. Mama alijaza kikapu huku akiimba.

Walipokuwa wakitoka, walikutana na bibi mmoja wa Kiswidi aliyekuwa na mbwa na kikapu chake mwenyewe. Bibi alichungulia kikapu cha mama, akashtuka, akaanza kusema haraka haraka huku akinyoosha kidole. Mama alijua Kiswidi cha dukani na cha kazini, lakini kile kilimpita.

"Anasema nini?" alimwuliza Arielle.

Arielle alikuwa ameelewa kila neno. Bibi alisema uyoga ule mweupe una sumu inayoua. Alisema wamwage kikapu chote, hata uyoga mwingine uliogusana nao. Arielle aliwaza upesi. Wakimwaga, mama ataanza upya, na Kelly atangoja hadi achoke. Tena kile kidole kilimuudhi, kana kwamba walikuwa wezi. Na hawa Waswidi si huogopa kila kitu, hata pilipili?

"Anasema mmepata bahati," alijibu. "Anasema uyoga wenu ni mzuri sana."

Mama alitabasamu, akamshukuru bibi kwa Kiswidi. Bibi naye, aliposikia shukrani, aliamini ameeleweka, akaenda zake na mbwa wake.

Mchana Arielle alimkuta Kelly kwenye benchi, mbele ya maduka. Alimsimulia kisa cha bibi na kidole chake, akaiga hata sauti yake, akitegemea Kelly atacheka. Kelly hakucheka.

"Uyoga mweupe? Mweupe wote, hata chini ya kofia?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Arielle! Hukumbuki Mwalimu Isak alivyotuambia? Mtu akiula hasikii kitu. Anacheka, anacheza. Baadaye ndiyo anaanza kutapika, na ini lake limeshaanza kuharibika!"

Siku ile Mwalimu Isak alipoeleza, Arielle alikuwa akimchorea Kelly katuni. Alitoa simu, akampigia mama. Simu iliita mara mbili, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa tena. Alijua maana yake: simu ilikuwa mikononi mwa Glody, anacheza mchezo wa magari, na kila anayepiga anamharibia mchezo.

Alikimbia. Kelly alimfuata nyuma akimwita, lakini Arielle hakugeuka. Alivuka barabara bila kutazama, dereva akampigia honi. Akilini alimwona Glody akilamba sahani. Alimwona mama akichukua kijiko. Alijaribu kuomba, lakini maneno ya sala yalimtoroka, akabaki kusema tu, "Wasile, wasile, wasile."

Alipofungua mlango harufu ya vitunguu na mawese ilimjaa puani. Glody alikuwa sakafuni na simu. Sufuria ilikuwa juu ya jiko, imefunikwa.

"Mmekula?" alipaza sauti.

"Kelele za nini?" mama alishangaa. "Tutakula vipi na papa yako hajarudi?"

Arielle alishusha pumzi. Kisha akaona bakuli jeupe la maua halipo mahali pake.

"Mama, bakuli la Babu liko wapi?"

"Nimeshampelekea. Alifurahi, ungemwona!" Mama akamkazia macho. "Arielle, una nini?"

Arielle angeweza kusema kwamba Kelly ndiye amemwambia, na uongo wa msituni usijulikane kamwe. Aliiona nafasi hiyo waziwazi, na ikamtisha zaidi.

"Mama, yule bibi hakusema hivyo. Alisema uyoga una sumu. Alisema tumwage wote. Mimi nilikudanganya, nilitaka kuwahi kwa Kelly."

Mama hakumpiga wala hakumkemea. Alishika ukingo wa meza, akasema polepole, "Mimi nimeonja mchuzi. Nilionja chumvi."

Walikimbia wote hadi jengo la jirani. Babu Onésime alifungua mlango akijifuta midomo. Nyuma yake, mezani, bakuli lilikuwa tupu kabisa.

"Ma fille, binti yangu," alimwambia Adrienne, "umenirudisha nyumbani! Umebaki kidogo?"

Mama alipomweleza, mzee alicheka. "Mimi? Niko sawa! Vita havikuniua, uyoga ndio utaniua?"

Kucheka kwake kulimtia Arielle hofu zaidi kuliko kilio. Alipiga namba ya dharura, mia moja na kumi na mbili, akaomba wataalamu wa sumu. Mwanamke wa upande wa pili aliuliza maswali kwa utulivu: nani amekula, kiasi gani, lini. Arielle alimwuliza mama, akajibu. Alimwuliza Babu, akajibu. Kisha mwanamke alisema maneno mazito.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

Machozi yalimtiririka Arielle, lakini hakuacha neno hata moja. "Anasema msingoje kuumwa. Ambulensi inakuja sasa hivi. Tubebe uyoga uliobaki, wauone. Anasema unaweza kuharibu ini na mtu akafa, lakini mkiwahi kutibiwa kuna matumaini makubwa."

Babu Onésime aliacha kucheka. Alitafuta koti lake.

Ambulensi iliondoka na mama na mzee. Mama yake Kelly alikuja kukaa na watoto hadi Urbain aliporudi mbio kutoka Märsta. Glody aliuliza, "Mama atakufa?" na Arielle akamshika mkono. Alikaa karibu na dirisha la jikoni, akichungulia kila gari lililosimama chini. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani mwake.

Hospitalini walinyweshwa maji meusi ya mkaa maalumu unaonasa sumu tumboni, wakawekewa dripu. Damu ya mama ilipimwa tena na tena, ikaonekana safi, akarudi nyumbani. Babu Onésime hakubahatika hivyo. Alitapika, akaharisha, akawa wa manjano machoni, na madaktari hawakutaka kuahidi kitu. Kila Urbain alipotoka kumwona alisema tu, "Bado," na Arielle alishindwa kumeza hata chai.

Hatimaye dawa zilishinda, na Arielle akaruhusiwa kwenda kumwona. Mzee alikuwa amekonda, mashavu yamebonyea. Arielle alipiga magoti kando ya kitanda.

"Babu, nisamehe. Ni mimi."

"Ninajua ni wewe. Mama yako aliniambia." Alijiinua kidogo kwenye mto. "Nimekusamehe, lakini nisikilize. Mimi nilifika nchi hii mzee, Kiswidi kikanishinda. Dukani, kwa daktari, mtu akisema nakutazama wewe. Mama yako pia anakutazama wewe. Ukituficha neno, sisi hatuna njia nyingine ya kulijua. Likiwa baya, tuambie. Likikuudhi, tuambie vilevile. Na usilolielewa, sema hukulielewa. Umenisikia?"

"Nimesikia, Babu."

Wakati huo muuguzi aliingia, akaanza kueleza jambo kwa haraka. Mzee alimgeukia Arielle, akamngoja.

"Anasema utatoka kesho," Arielle alisema, na uso wa mzee ukang'aa. "Lakini ini lako bado dhaifu. Utarudi kupimwa damu kila wiki. Hakuna pombe kabisa, na hakuna vyakula vya mafuta mpaka daktari aruhusu."

"Hata yale majani yangu ya muhogo, sombe ya mawese?"

Arielle alimwuliza muuguzi, akasikiliza hadi mwisho.

"Hata hiyo, Babu."