Kadi Saba za Neno Ciao

Jumanne, tarehe 14 Oktoba, mwaka 1952. Saa nne asubuhi, Trieste, mji wa mpakani.

Gari jeusi aina ya Lancia lilikata kona ya mtaa wa Barriera Vecchia kwa magurudumu mawili.

Nives Furlan, askari wa kike wa polisi, hakupunguza mwendo wa pikipiki yake ya Vespa. Amri aliyopokea ilikuwa fupi: "Sanduku lisivuke mpaka."

Sandukuni hamkuwa na bunduki wala dhahabu. Mlikuwa na kadi za Profesa Bressan, mzee aliyetumia miaka ishirini kulifuatilia neno moja tu, ciao: jinsi Waveneti wa kale walivyolitamka wakimaanisha "mimi ni mtumwa wako", jinsi neno hilo la utumwa lilivyochipuka kutoka jina la Waslavi, na jinsi Mwitaliano anavyolitumia kusalimia na kuaga, ilhali Mfaransa hulitumia kuaga tu.

Lakini mzee alifuata desturi ya watunga kamusi. Chini ya kila kadi aliandika jina la aliyempa neno, na kijiji chake. Saba kati yao waliishi ng'ambo ya mpaka.

Huko, chini ya utawala wa Kikomunisti, kuzungumza na mgeni kulikuwa uhaini.

Bastola ya Nives, Beretta, ililia mara moja. Tairi likapasuka, Lancia ikajikita ukutani.

"Bibie, unataka kuniua kwa sababu ya karatasi?" Sandrin, mlanguzi wa sigara aliyeziiba kadi, alicheka huku damu ikimtoka puani.

"Shuka. Mikono juu."

"Haya, chukua! Lakini umechelewa kama treni ya Opicina pale mpakani."

Nives hakuijali kejeli hiyo. Alilipeleka sanduku kwa Profesa, akazitia kadi zote ndani ya jiko ziungue pamoja na majina.

"Yamekwisha, Profesa."

Mzee hakufurahi.

"Binti yangu, hilo ni sanduku la maneno. La vijiji liko wapi?"

"La vijiji?"

"Kila kadi huandikwa mara mbili. Moja hupangwa kwa neno, nyingine kwa kijiji. Ndivyo tulivyofundishwa."

Rafu aliyoinyoshea kidole ilikuwa tupu.

Sasa Nives alikielewa kicheko cha Sandrin: sanduku la vijiji lilikuwa limepandishwa treni. Aliwasha redio yake ya polisi.

"Izuieni treni ya saa nne!"

"Imeshavuka, Furlan. Rudi kituoni."

Kati ya vijiji vya wale watu saba, kimoja tu kilikuwa na simu. Zora, mpokea simu wa posta ya huko, alikuwa mmoja wa wale saba. Nives akampigia kwa simu ya Profesa.

"Zora, jina lako wanalo. Toka sasa hivi. Usichukue hata koti."

"Na mama yangu, dada?"

 Kisha simu ikakatika.

Aliirudisha Beretta kiunoni, akavaa glavu zake.

"Ciao, binti yangu," mzee alisema kwa mazoea, kisha akajiziba mdomo kwa mkono.

Nives alishuka ngazi polepole, bila kugeuka.

Nawe uliyesoma, mpe mwenzako asome. Na siku mtu atakapokupa neno lake, liandike neno. Jina lake libaki moyoni mwako.