Hiki Hatujakiimba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, binti wa fundi cherehani alikuwa ameketi kando ya cherehani ya baba yake, akisoma kitabu kwa sauti. Alikuwa darasa la tatu. Hakukwama hata kidogo. Wateja walimwita Redio.

"Fundi, redio yako inatumia betri gani?" mteja mmoja alitania.

"Chai ya mama yake."

Mama mwenyewe hakucheka. "Mume wangu, mbona anasoma huku anatazama barabarani?"

"Ndio ujuzi huo. Hata mimi nashona bila kutazama sindano."

Mwaka ulipokaribia kwisha, mwalimu mpya wa darasa hilo alimwita fundi shuleni. Mbele yake, alimpa mtoto kitabu kingine. Maneno yalikuwa yale yale ya kitabu cha darasa, lakini hadithi ilikuwa nyingine. Mtoto aliangalia picha, kisha akaangalia viatu vyake.

"Soma, mama. Usione haya," fundi alimwambia.

"Hiki hatujakiimba," mtoto akasema.

Mwalimu alifunga kitabu. "Mzee, mwanao hajui kusoma. Amekariri. Darasani wako wengi, wanasoma wote kwa sauti moja. Wanaojua huwabeba wasiojua. Sisi walimu tunasikia wimbo, tunaridhika. Kosa limeanzia kwetu."

"Nami nikalikuza nyumbani. Mama yake aliliona, nikamfanyia mzaha." Kisha fundi akauliza, "Atapanda la nne na wenzake?"

"Huko hesabu, sayansi, yote ni ya kusoma. Atazidi kuzama. Naomba arudie darasa."

Fundi alikubali. Hakupata usingizi mzuri siku hizo.

Shule ilibadili utaratibu. Kila asubuhi watoto waligawanywa kwa uwezo wao wa kusoma, si kwa darasa. Kila mmoja alisoma peke yake mbele ya mwalimu. Fundi naye alielekezwa: "Gusa neno lolote katikati ya ukurasa, mwulize ni neno gani. Akikwama, mwache atamke silabi moja moja. Usimkimbize."

Jioni fundi alisimamisha cherehani, akasikiliza. Mtoto alisoma kwa kusitasita.

"Redio imeisha betri?" mteja akauliza.

"Inatafuta stesheni. Tulia."

Mteja alipoondoka, mke alisema, "Ungalinisikiliza siku ile."

"Ningalikusikiliza, angalipanda na wenzake." Fundi akamfungulia mtoto ukurasa mwingine.

Mwaka mpya wa shule ulipoanza, rafiki wa mtoto alimwita kutoka mstari wa darasa la nne. "Wewe, umekosea mstari. Njoo huku."

Hakwenda. Aliingia la tatu tena, akakaa na watoto waliomzidi ufupi. Mwalimu alimpa ukurasa ambao hakuwahi kuuona. Aliusoma peke yake mpaka mwisho. Alikwama mara mbili, na mara zote mbili alijinasua mwenyewe.