WIFI ALIANZA KUKIMBIA KABLA SIJAPIGA KELELE

Nyuki wa kwanza aliniuma kwenye kope…

Wa pili, shingoni. Wa tatu hata sijui aliuma wapi, maana kufikia hapo walikuwa wamejaa ndani ya kofia yangu!

Ndani, jamani! Kofia ya wavu, ambayo kazi yake duniani ni moja tu, kuwazuia nyuki wasikufikie usoni!

Nikapeleka mkono kisogoni. Vidole vikapita moja kwa moja hadi kwenye nywele.

Wavu ulikuwa umekatwa!

Nasema umekatwa, sisemi umechanika. Kitu chakavu huchanika ovyo ovyo. Hili lilikuwa tundu la mraba, limeanzia pindoni, limenyooka, kazi ya mkasi.

Nikapiga kelele. Nikaanguka kando ya mzinga. Koo lilikuwa linaziba, pumzi inatoka kwa kuibia…

Kitu cha mwisho kukiona ni wifi yangu, dada wa mume wangu, anakuja mbio kutoka ndani. Hana kofia, hana glavu, futi yake ya kupimia nguo inaning'inia shingoni.

Akanirukia. Akaninyofoa ile kofia kichwani. Nyuki wakamgeukia yeye.

Lakini kuna jambo moja nililiona vizuri kabisa, nikalibeba hadi wodini.

Wifi alikuwa ameshaanza kukimbia kabla sijapiga kelele!

Sasa niambieni nyie… alijuaje?

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkanielewa vibaya.

Mimi kazi yangu ni ofisini, kugonga mihuri na kujibu simu. Nyuki ni mapenzi tu. Wenzangu wikiendi wanafuga kuku au wanalala, mimi niko na mizinga yangu nyuma ya nyumba. Asali naichuja mwenyewe, naijaza kwenye chupa, nawauzia majirani na watu wa kazini.

Na nilikuwa mkali, nakiri. Asali hunasa harufu yoyote iliyo karibu, kwa hiyo nilikuwa na chumba chake. Kikavu, kisafi, hakuna kitunguu wala mafuta ya taa. Chujio langu humo humo. Ufunguo shingoni kwangu, naoga nao!

Wifi alikuja kukaa kwetu baada ya ndoa yake kuvunjika. Fundi cherehani huyo, mikono yake usipime. Aliweka cherehani yake sebuleni karibu na dirisha la nyuma, wateja wakaanza kumfuata.

Kofia ile alinishonea yeye. Uzi mweusi ulimwishia, akamalizia pindo kwa uzi mwekundu. Nilimcheka sana!

"Wifi, hii kofia au bendera?"

"Vaa hivyo hivyo. Nyuki wako hawajui fasheni."

Baadaye nilinunua kofia mpya, ile ya zamani ikabaki inaning'inia kwenye msumari.

Tulikuwa tunapatana, siwezi kudanganya. Ila nyuki walikuwa wanawauma wateja wake, na siku moja uzalendo ukamshinda.

"Wifi, iko siku hawa nyuki watakumaliza!"

Maneno ya hasira tu. Lakini mimi niliyaweka moyoni.

Ile Jumapili niliamka nikafua kofia mpya. Ikawa bado mbichi kwenye kamba, nikasema si neno, nitavaa ya zamani. Nikaivaa haraka, sikuikagua kwa nyuma.

Nilipokaribia mizinga nikashangaa. Nyuki walikuwa wakali tangu mbali, kabla hata sijapuliza moshi. Wanagonga kwenye nguo kama wana ugomvi na mtu. Nikajiuliza, nani kawachokoza?

Sikupata muda wa kujijibu.

Nilipozinduka hospitali, uso ulikuwa umevimba hata sijitambui kwenye kioo. Mume wangu alikuwa pembeni ya kitanda, ameshika mkono wangu. Hakuondoka! Manesi wakawa wananiambia nimepata mume.

"Wifi yuko wapi?" nikauliza.

"Wamempa ruhusa. Aliumwa jichoni. Hilo jicho… wanasema halitaona tena."

Nililia. Kweli nililia.

Halafu nikaanza kuwaza, na ubongo wa mtu aliyelala wodini hauna kazi nyingine. Kofia imekatwa kwa mkasi. Aliyeishona ni fundi. Fundi alisema nyuki watanimaliza. Fundi alianza kukimbia kabla ya kelele… labda alibadili mawazo dakika ya mwisho!

Nikarudi nyumbani nimeshahukumu.

Alikuwa amekaa kwenye cherehani, bandeji jichoni, anajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Uzi unapita pembeni, anaulamba, anajaribu tena.

"Karibu nyumbani, wifi yangu. Mungu ni…"

"Nani alikata kofia yangu?"

Akaweka sindano chini.

"Nakuuliza wewe! Ulijuaje kwamba nitapiga kelele? Ulikuwa unakimbilia nini?"

Hakunijibu. Akageuza lile jicho lake moja, akamtazama kaka yake aliyekuwa amesimama mlangoni na mfuko wangu wa dawa. Akamtazama muda mrefu.

Mume wangu alikuwa anaangalia sakafu.

"Mume wangu, humu ndani nani ana mkasi?"

Alisema polepole, bila kuinua macho.

"Mkasi ni wake."

Basi, yakaisha hapo. Wifi aliinuka, akafungasha nguo zake chache. Hakulia, hakuapa, hakujitetea. Cherehani ilibebwa kwenye mkokoteni, naye akaifuata kwa nyuma, ameishika isije ikaanguka.

Na mimi sikuishia hapo, jamani. Nilimwambia kila mtu! Mteja akija kuulizia nguo yake namwambia, "Yule? Alitaka kuniua yule." Wakaacha kumpelekea kazi.

Miezi ikapita.

Siku moja gari likasimama getini. Akashuka mama mmoja wa heshima zake, nyuma yake dereva kabeba ndoo.

"Dada, hapa ndipo kwa yule baba mfugaji nyuki?"

Nikacheka. "Mfugaji ni mimi, mama. Karibu."

"Wewe? Mumeo anafanya kazi kwa mume wangu. Kila siku ofisini ni nyuki wake, mizinga yake… Alituletea ndoo hii kama zawadi. Nikaihifadhi stoo nikisubiri sherehe ya binti yetu. Jana tunafungua, angalia aibu hii!"

Akafungua mfuniko.

Povu! Asali ilikuwa imechacha, inanuka kama pombe. Nikajua pale pale, hii ilirinwa mzingani kabla ya wakati, masega hayajazibwa kwa nta. Asali ya hivyo ina maji, haikai.

Nikakumbuka. Mume wangu aliwahi kuniomba ndoo moja ya kumpelekea bosi, nikamkatalia. Nikamwambia haijaiva, asubiri nyuki wazibe. Akasema sawa, yakaisha.

"Alileta lini hii, mama?"

"Ile Jumamosi, kabla mke wake hajapata ajali ya nyuki. Kumbe ndiyo wewe! Pole jamani."

Jumamosi ile nilishinda nje, nikisambaza chupa kwa wateja. Na ufunguo shingoni…

"Halafu tumekuta na tambara humu ndani," mama akaendelea. "Asali gani inaletwa na matambara?"

Nikaingiza mkono kwenye povu. Nikavuta.

Kipande cha wavu mweusi cha mraba, kimejaa vipande vya nta. Upande mmoja kina pindo.

Pindo la uzi mwekundu.

Nikakaa chini pale pale mbele ya mgeni.

Mume wangu aliporudi kazini alikuta ndoo mezani, wavu juu yake. Akasimama. Na akafanya kile kile alichofanya siku ile. Akaangalia sakafu.

"Nilirina mwenyewe ulipokuwa hupo, nyuki wakachafuka, na chujio lilikuwa limefungiwa," akasema. "Nilijua ile kofia ya zamani huivai tena. Wallahi, sikukusudia!"

Na nilimwamini. Hilo ndilo linaniuma, nilimwamini kabisa. Hakutaka kuniua. Alitaka bosi amwone mtu wa maana, na haraka zake zikataka chujio.

"Na ulipoona dada yako anafukuzwa?"

"Nilitaka kusema."

"Lini?"

"Kila siku nilitaka. Kila siku ikawa ngumu kuliko jana."

Kesho yake nikamtafuta wifi. Nikamkuta kwenye chumba kimoja cha kupanga, giza mchana kweupe, cherehani imefunikwa shuka. Anafulia watu nguo siku hizi. Mikono ile ya kushona!

Nilipiga magoti mlangoni. Nikamwonyesha ule wavu, nikamweleza yote nikilia. Nilidhani namletea habari.

Hakushtuka hata kidogo.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Jumamosi ile kaka aliazima mkasi wangu. Nikamkuta nyuma ya jiko anachuja asali. Akaniambia, usimwambie wifi yako, kofia yenyewe ya zamani haivaliwi. Nikanyamaza, mambo ya mtu na mkewe. Kesho yake nikachungulia dirishani, nikaona pindo jekundu linaelekea kwenye mizinga."

Jamani… nikamshika mkono.

"Kwa nini hukusema? Siku ile nilipokuuliza, kwa nini ulinyamaza?"

"Nilikuwa nangoja aseme yeye. Ni kaka yangu, tumbo moja. Nilimwangalia nikajua sasa atasema… sasa atasema… Akasema mkasi ni wangu." Akafuta jicho lake zima. Lile jingine halikutoa kitu. "Na ningesema mimi, ungemwamini nani? Mimi mwenye mkasi, au yeye aliyekesha na wewe hospitali?"

Nikaukunja ule wavu mkononi.

Nikamwomba arudi. Nikamwambia mume wangu ameondoka tangu jana usiku, na pale ni kwake yeye wifi, dirisha lake la cherehani lipo vile vile.

Akatikisa kichwa.

Ndugu zangu mnaosoma, wa kukuumiza kwa bahati mbaya wapo kila nyumba, na wanasameheka. Muogopeni anayejua ukweli, akamwacha mwingine aubebe mzigo wake. Na kabla hujamnyooshea mtu kidole, mwulize, halafu usubiri jibu. Mimi niliuliza tu, sikusubiri.

Nilipoinuka kuondoka, wifi aliniita.

"Nilikuwa nakukimbilia wewe, wifi. Nisingesubiri upige kelele."

Akafunga mlango.