Ukoko wa Wali kwenye Antena

"Usiniguse, Mudrik—"

"Lau, nisikilize kwan—"

"Miaka mitatu unanifunikia antena kwa sufuria!"

"Si kila siku! Mara kumi na nne tu!"

Abiria wa ndege ya Dar pale uwanjani Kilindoni, kisiwani Mafia, wote wakageuka. Laurencia, mpimaji, alikuwa na gauni la kitenge na buti zenye tope la kijiji cha Kirongwe, macho yamevimba. Mlangoni, mashine yake ya kupima kama kisiwa kinazama imeng'olewa, imefungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Bosi wake, Dokta Isdory, ameshasema: vipimo vimejaa kelele, namba zinaruka ovyo; vyote vinatupwa, na kazi hana.

"Wewe Mudrik ni mlinzi wa mashine, na takwimu ulisoma chuo miaka miwili kabla hujakimbia. Kelele ya kweli kwenye vipimo haina kalenda! Hii yako inaruka kila nikitimiza miezi miwili sijaja Mafia!"

"Ungekuja kama mashine ni nzima?"

Laurencia akainama kubandua tope la buti.

"Nikipiga, 'Dada mtaalamu, mashine imezimia,' kesho yake unashuka. Ningefanyaje, mpenzi?"

"Ungesema unanipenda, mjinga wewe!"

"Nilisema! Ukacheka!"

"Ulisema una pweza kichwani! Hayo ndiyo mapenzi?"

Dokta Isdory akasogea. "Kuna nini?"

"Shikamoo, Dokta," Mudrik akasema. "Kelele ni mimi. Tarehe zote ziko kwenye simu yangu, kila siku niliyompigia. Zikate hizo siku kwenye mchoro. Kitakachobaki ndio mwendo wa ardhi. Kazi mrudishie."

Dokta akapekua simu, tarehe moja baada ya nyingine. Uso ukabadilika.

"Unajua hii ni kesi ya polisi?"

"Najua."

"Andika ulichofanya. Jina na saini."

Mudrik akachukua karatasi, akaandikia kwenye goti. Abiria wakaitwa. Laurencia hakuinuka.

Alikuwa anaikumbuka safari ya kwanza. Alipanda ngazi akakuta ukoko wa wali wa nazi umeganda juu ya antena nyeupe. Akaubandua kwa ukucha. Akaangalia chini, akamwona Mudrik anamenya dafu, anajifanya hana habari. Kwenye ripoti akaandika: hitilafu ya umeme. Safari ya pili vilevile. Na ya tatu. Zote kumi na nne.

"Twende, Laurencia," Dokta akasema. "Umepona."

"Mudrik," akaita.

"Naam, Lau."

"Usiikunje hiyo karatasi. Uniandike na mimi."